Chati ya "Tundra na Jangwa": Picha Nzuri, Kiu Imesahaulika

Nimeitumia chati hii kufundishia jiografia ya kidato cha kwanza kwa mihula miwili mfululizo, na kwa kuwa walimu wenzangu wawili na mzazi mmoja wameshaniuliza kama inastahili fedha inayotozwa, nimeona ni vema niandike maoni yangu kwa kirefu kuliko kuyarudia kila tunapokutana. Niliinunua Morogoro mjini, katika duka dogo la steshenari, kwa shilingi 25,000. Kwa fedha hiyo mnunuzi hupata vitu vitatu: chati ya ukutani iliyochapishwa pande zote mbili na kufunikwa kwa plastiki, kijitabu cha mwalimu chenye kurasa 24, na pakiti ya kadi 40 za kuoanisha wanyama na mimea na makazi yao. Vyote vimeandikwa kwa Kiswahili. Mchapishaji hakujitaja mahali popote, wala mwaka wa kuchapishwa haupo, ingawa nimefunua kila ukurasa nikiutafuta.

Hilo la Kiswahili ndilo lililonifanya nitoe fedha bila kusita. Wengi wa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza hutoka shule za msingi walikosomea kwa Kiswahili, na ghafla hutakiwa kukariri kwa Kiingereza maana ya maneno ambayo hata kwa lugha yao hawajawahi kuyasikia. Mwanafunzi anaweza kuandika maana sahihi ya tundra, yaani nchi ya baridi kali isiyoota miti ya kawaida, kwenye mtihani, akapata alama zake zote, na bado akaamini moyoni kwamba tundra ni jina la nchi. Mmoja aliwahi kuniuliza mji mkuu wake ni upi.

Kuhusu uimara sina malalamiko makubwa. Plastiki ni nene, rangi hazijapauka, na pembe zote nne zimebaki nzima japo chati imeshushwa na kutundikwa mara nyingi. Tatizo ni mng'ao wake: ukiitundika mkabala na dirisha, wanafunzi wa upande mmoja wa darasa hawaoni kitu isipokuwa mwanga mtupu. Kadi, kwa upande mwingine, zimekatwa kwenye karatasi hafifu mno, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimebaki na 37.

Sasa niingie kwenye maudhui, maana hapo ndipo penye mambo ya kusema. Upande wa mbele wa chati umegawanywa katikati kwa mstari mnene. Kushoto ni tundra, yote kwa rangi ya samawati na nyeupe, theluji imerundikana mpaka magotini mwa wanyama. Kulia ni jangwa, yote kwa rangi ya chungwa, jua likiwa kubwa kama sinia. Juu ya mstari huo limeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: KINYUME. Mwanafunzi anapoingia darasani, hilo ndilo analolisoma kwanza, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyomo, kwa sababu tundra na jangwa ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowaunganisha ni kiu.

Ajabu ni kwamba waandaaji wenyewe wanalijua jambo hili. Chini kabisa ya chati, kwa herufi ndogo zinazohitaji mtu asogee hatua mbili mbele, wameandika kwamba jangwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, na kwamba tundra ya Aktiki, yaani eneo la kuizunguka ncha ya kaskazini ya dunia, hupata kati ya milimita 150 na 250, theluji ikiwa imehesabiwa baada ya kuyeyushwa. Takwimu hizo ni sahihi. Ukizisoma pamoja unagundua kwamba kwa kipimo cha maji yanayoshuka kutoka angani, sehemu kubwa ya tundra ni jangwa. Mji wa Utqiaġvik, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Alaska katika latitudo ya digrii 71, haufikishi milimita 150 kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi sote tumezoea kuiita nchi kame, hupata takriban milimita 570. Nilimwambia mwanafunzi mmoja asimame ukutani, nikachora kwa chaki mstari wa milimita 250 kutoka sakafuni, ukaishia chini ya goti lake. Kisha nikachora ule wa Dodoma, ukapita katikati ya paja. Darasa zima lilicheka, na mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe wale wa barafu wana shida ya maji kutuzidi sisi!" Sentensi hiyo ndiyo ilistahili kuandikwa pale juu, mahali pa lile neno la KINYUME.

Swali linalofuata ni la haki kabisa, na chati hailijibu: ikiwa tundra hupata maji machache hivyo, mbona picha zake za kiangazi zimejaa madimbwi, vinamasi na maelfu ya maziwa madogo? Jibu lipo ardhini. Chini ya tundra kuna udongo ulioganda daima, ambao wataalamu huuita pemafrosti, yaani ardhi iliyokaa chini ya nyuzi sifuri kwa angalau miaka miwili mfululizo, na katika sehemu nyingi imekaa hivyo kwa maelfu ya miaka. Kiangazi kinapofika, ni tabaka la juu tu linaloyeyuka, pengine sentimita 30, pengine mita moja au zaidi kidogo. Maji hayana pa kuzama kwa sababu chini yake kuna sakafu ngumu kama zege, na hayavukizwi upesi kwa sababu hewa ni baridi. Basi hubaki palepale. Katika jangwa la joto, maji hayohayo machache hunyonywa na mchanga au hurudishwa angani na jua kabla mmea haujayafaidi. Tofauti kati ya ndugu hawa wawili, basi, ni kile kinachotokea baada ya maji kufika chini.

Kwa kuwa chati haikunisaidia hapo, nilijisaidia mwenyewe, na ninawashauri walimu wengine wafanye vivyo hivyo. Nilichukua trei mbili za kuokea mikate. Moja niliijaza udongo wa bustanini, nikaulowesha na kuuweka kwenye friza usiku kucha. Nyingine niliijaza mchanga mkavu wa kujengea. Asubuhi nilizipeleka shuleni, ile ya udongo ikiwa imefungwa magazeti na kanga juu yake, nikamwambia mwanafunzi amimine kikombe kimoja cha maji katika kila trei. Mchanga uliyameza kabla hajainua kikombe. Kwenye udongo ulioganda maji yalitandaa, yakasimama, na kipande cha nyasi kavu kikaanza kuelea juu yake kama ngalawa. Baada ya dakika kumi na tano tabaka la juu lilikuwa limegeuka tope, lakini njiti ya kibiriti ilipochomekwa ilizama kiasi cha ukucha tu, kisha ikagonga pagumu na kuvunjika. Trei ya mchanga tuliiacha juani, na wakati wa mapumziko ilikuwa imekauka kana kwamba haijawahi kuguswa na maji.

Jaribio hilo lilizaa mazungumzo ambayo sikuyapanga. Mwanafunzi mmoja alitazama maji yale yaliyotuama akauliza kama huko tundra kuna mbu. Wapo, tena kwa makundi yanayowatesa binadamu na wanyama kila kiangazi, kwa sababu madimbwi ya juu ya pemafrosti ni mazalia yasiyo na kifani. Hawaambukizi malaria, jambo ambalo darasa liliona ni bahati isiyostahili. Kwenye chati hakuna mbu hata mmoja.

Kijitabu cha mwalimu ni bora kuliko chati yenyewe, na nina shaka kama viliandikwa na mtu mmoja. Kurasa nne zinazoeleza ujenzi juu ya ardhi iliyoganda ni nzuri kiasi kwamba nimezisoma kwa sauti darasani bila kubadilisha neno. Zinaeleza kwa nini nyumba nyingi za maeneo hayo hujengwa juu ya nguzo, ili hewa baridi ipite chini na joto la nyumba lisiyeyushe udongo unaoibeba, na zinatoa mfano wa bomba la mafuta linalokatisha Alaska, lililokamilika mwaka 1977, lenye urefu wa takriban kilomita 1,287. Zaidi ya nusu ya bomba hilo hupita juu ya ardhi, kwenye viunzi, kwa kuhofia kwamba mafuta ya moto yangeyeyusha pemafrosti na bomba likadidimia. Hapo nilipata nafasi ya kulinganisha na bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, ambalo limebuniwa kufukiwa ardhini na kupashwa joto njiani kwa sababu mafuta ya Uganda huganda kirahisi. Wanafunzi waliolisikia bomba hilo kwenye taarifa ya habari walielewa mara moja kwa nini ardhi ya huku inavumilia kitu ambacho ya kule haivumilii. Kijitabu pia kinataja, kwa usahihi, kwamba pemafrosti ya kaskazini imehifadhi takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, karibu maradufu ya iliyomo angani, na kwamba kuyeyuka kwake kunaiachia kidogo kidogo.

Kwenye suala la joto, chati inarudi kwenye uvivu. Imeandika kwamba jangwa ni mahali penye joto kali mchana na usiku. Yeyote aliyelala nje jangwani angelikataa hilo, kwa kuwa hewa kavu isiyo na mawingu huruhusu joto la ardhi kupotea upesi jua linapozama, na usiku huweza kuwa wa baridi ya kutetemesha. Zaidi ya hapo, yapo majangwa ambayo hata mchana si ya moto: Gobi, huko Asia, hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri wakati wa baridi, pwani ya Namib hufunikwa na ukungu wa baridi kutoka Atlantiki, na Antaktika, yenye takriban kilomita za mraba milioni 14, huhesabiwa kuwa jangwa kubwa kuliko yote duniani, mbele ya Sahara yenye milioni 9 na ushei. Jangwa hutambuliwa kwa ukame wake. Tundra ndiyo inayotambuliwa kwa baridi: wastani wa mwezi wake wenye joto zaidi huwa kati ya nyuzi 0 na 10, kiwango ambacho mti wa kawaida hauwezi kukua.

Halafu kuna ile nyuzi 58. Kwenye kona ya kulia, ndani ya nyota nyekundu, chati inatangaza kwamba joto kali kuliko lote duniani ni nyuzi 58 za Selsiasi, lililopimwa Al Aziziyah, Libya, mwaka 1922. Rekodi hiyo ilifutwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 2012, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba huenda aliyeandika kipimo hakuwa na uzoefu wa kifaa alichokitumia. Inayotambuliwa sasa ni nyuzi 56.7, ya Furnace Creek katika Death Valley, Marekani, tarehe 10 Julai 1913, ingawa nayo ina wanaoitilia shaka. Chati isiyo na mwaka wa kuchapishwa ina faida hii kwa aliyeichapisha: huwezi kujua kama alikosea au alichelewa.

Nikija kwenye wanyama, napaswa kusifu kabla ya kulaumu. Picha mbili za mbweha, zilizowekwa uso kwa uso kwenye upande wa nyuma, ndizo zilizonifanya nisijutie fedha yangu. Kushoto yupo mbweha wa Aktiki, mviringo kama mpira, masikio mafupi yaliyozama ndani ya manyoya meupe, mkia wake mnene ukiwa umemzunguka kama blanketi. Kulia yupo feneki, mbweha mdogo wa Sahara, mwili wake ukiwa mdogo kuliko wa paka wengi na masikio yake yakifika sentimita 15. Mchoraji ameonyesha hata mishipa ya damu ndani ya masikio hayo, mistari myembamba ya rangi ya waridi inayopeleka joto nje kwenye hewa. Sikuhitaji kueleza mengi. Mwanafunzi aliyewahi kwenda Serengeti alimkumbuka bweha masikio, naye darasa likaanza lenyewe kujadili masikio ya tembo.

Basi inasikitisha kwamba mchoraji huyohuyo ameweka pengwini kwenye tundra ya Aktiki, wakiwa wamesimama bega kwa bega na dubu mweupe. Hawa hawajawahi kukutana porini, kwani pengwini karibu wote ni wa nusu ya kusini ya dunia na dubu weupe ni wa kaskazini. La kuchekesha ni kwamba, kama pengwini walikuwa lazima wawepo, wangefaa zaidi upande wa jangwa: pengwini wa Kiafrika huzaliana kwenye visiwa vilivyo mkabala na jangwa la Namib, nchini Namibia. Ngamia naye amepewa nundu yenye kishale kinachosema "ghala la maji". Ndani ya nundu kuna mafuta. Uwezo wa ngamia unatokana na kuvumilia upungufu wa maji ambao ungemuua mnyama mwingine, kisha kunywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo anapoyapata. Na wale kulungu wakubwa wa kaskazini, ambao kwa Amerika huitwa karibuu, wameandikwa "karibu", jambo lililosababisha darasa zima kuitikia "starehe" kila nilipowataja.

Upande wa mimea kuna kakati (mmea wa miiba, cactus) mkubwa mwenye mikono miwili amesimama kando ya ngamia. Picha hiyo tumeizoea kwenye katuni, lakini kakati wa aina hiyo, saguaro, huota kwenye jangwa la Sonora tu, mpakani mwa Marekani na Meksiko. Jamii nzima ya kakati asili yake ni Amerika, isipokuwa spishi moja inayopatikana pia Afrika, nayo huning'inia kwenye miti ya msituni. Hata mpungate tunaouona kwenye nyua zetu uliletwa. Niliona ni afadhali niwaonyeshe mnyaa wa uani, wenye utomvu mweupe, niwaeleze jinsi mimea isiyo na udugu inavyofanana kwa kukabiliana na shida moja. Welwichia wa Namib, mwenye majani mawili tu anayoyakuza maisha yake yote, wengine zaidi ya miaka 1,000, hakutajwa. Kwa tundra, mchoraji amefanya haki: mti wa Aktiki wa jamii ya mwerebi (willow) umechorwa ukitambaa chini, mfupi kuliko kiatu kilichowekwa pembeni yake kwa kipimo. Ni mti kamili, wenye shina la mbao, ulioamua kutoinuka kwenye upepo.

Mchanga nao umetiliwa chumvi. Chati haionyeshi kitu kingine jangwani, wakati sehemu kubwa ya Sahara ni mawe, changarawe na miamba mitupu. Na kama walitaka kilima cha mchanga kilicho hai, kipo kwetu: Mchanga Unaohama, karibu na Olduvai, rundo jeusi la majivu ya Ol Doinyo Lengai lenye umbo la mwezi mchanga, linalosukumwa na upepo zaidi ya mita kumi kila mwaka.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kutokuwepo kwa Kilimanjaro. Kati ya mita 4,000 na 5,000 hivi, mlima huo una ukanda unaoitwa jangwa la mlimani, mahali ambapo bayomu hizi mbili, yaani aina hizi mbili za mazingira, karibu zinashikana mikono: ukame wa jangwa, baridi inayoelekea ile ya tundra, mimea michache iliyojibanza nyuma ya mawe. Nimewahi kutembea kwenye tambarare iliyo kati ya Mawenzi na Kibo. Saa sita mchana nilivua koti. Usiku maji yaliganda kwenye chupa niliyoisahau nje ya hema. Utqiaġvik hukaa takriban siku 65 bila kuona jua likichomoza, na baadaye karibu siku 80 bila kuliona likizama, hivyo mmea wake hujiandaa kwa mwaka mzima ili ukue kwa wiki chache. Mmea wa Kilimanjaro hupambana na baridi na joto ndani ya saa 24, kila siku. Mwanafunzi wa Morogoro anayelinganisha tundra na jangwa pasipo kutajiwa mlima ulio nchini mwake amenyimwa daraja fupi kuliko yote.

Kuhusu watu sina mengi ya kusema kwa sababu chati nayo haina: mstari mmoja kwa Wainuiti wa Aktiki, mmoja kwa Watuareg wa Sahara, na Wanenet wanaohamisha makundi ya kulungu huko Yamal, kaskazini mwa Urusi, hawapo kabisa.

Je, inunuliwe? Kwa mwalimu aliye tayari kusimama mbele yake na kuisahihisha, ndiyo. Kijitabu na wale mbweha wawili vinatosha kurudisha shilingi 25,000. Kwa mzazi anayetaka kuibandika chumbani ili mtoto ajisomee peke yake, hapana, si kwa toleo hili. Yangu imeshabandikwa karatasi nyeupe kwa selotepu katika sehemu tano: juu ya pengwini, juu ya nundu, juu ya kakati, juu ya nyuzi 58, na ndefu kuliko zote juu ya neno KINYUME, ambapo kwa maka peni nimeandika NDUGU WENYE KIU. Muuzaji ameniambia kuna mzigo mwingine njiani. Nimemwachia nakala ya masahihisho hayo aikabidhi kwa anayemletea, naye ameikunja vizuri na kuitia kwenye droo ya fedha.